Je, Wajua? Kreni Zilizonusurika Kuwa Vyuma Chakavu

Je, wajua kwamba kreni ya bandarini inaweza kulindwa kisheria kama vile msikiti wa kale au ngome? Katika mji wa Clydebank, Scotland, kando ya mto Clyde, ipo moja iitwayo Titan. Ilikamilika mwaka 1907 katika karakana ya meli ya John Brown, ikawa kreni kubwa ya kwanza ya aina yake kuendeshwa kwa umeme. Haikujengwa kwa ajili ya kupakia magunia. Meli mpya ikishushwa majini huwa tumbo tupu. Huko Clydebank ilivutwa hadi chini ya Titan, na vitu vizito kama injini na boila vikateremshwa ndani kimoja kimoja. Lusitania ilipita hapo, na baadaye Queen Mary. Machi 1941 ndege za Ujerumani ziliupiga mji huo mabomu usiku mbili mfululizo, na nyumba zilizosalimika zilikuwa za kuhesabika. Titan ilibaki wima. Karakana ilipokufa, majengo mengine yakaondolewa, lakini kreni ikatiwa lifti na kufunguliwa kwa wageni mwaka 2007, ilipotimiza miaka 100.

Mwaka huohuo, kwenye mto huohuo, kreni ya Fairfield iliyojengwa mwaka 1911 ilibomolewa, ingawa nayo ilikuwa kwenye orodha ya kulindwa. Hilo linauma. Chuma kilicho kando ya maji kinataka rangi kila baada ya muda, na fundi wa kukagua ribiti hadi kileleni. Asipopatikana wa kulipa, kutu haijali orodha.

Bado zimebaki kreni nne kama hizo mtoni Clyde. Ya Finnieston, katikati ya Glasgow, ilipakia melini injini za treni za mvuke zilizotengenezwa mjini humo. Wasomaji wanaokumbuka reli ya Afrika Mashariki watapenda kujua kwamba injini za daraja la 29, zile zilizopewa majina ya makabila yetu, zilitengenezwa Glasgow na kampuni ya North British Locomotive. Mojawapo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi.

Je, wajua kwamba ipo kreni iliyoendeshwa kwa miguu ya watu? Nenda Gdańsk, Poland, ukingoni mwa mto Motława. Kati ya minara miwili ya matofali pana jengo la mbao jeusi lililojitokeza juu ya maji. Ni kreni ya miaka ya 1440. Ndani mna magurudumu makubwa ya mbao, na vibarua waliingia humo wakatembea, hatua juu ya hatua bila kufika popote, huku kamba ikijizungusha kwenye mhimili na mzigo ukipanda. Tani mbili ziliweza kufikishwa mita 27 juu, kimo kilichotosha kusimika mlingoti wa meli. Mbao zote ziliungua katika vita vya mwaka 1945. Wapo wanaosema kilichopo leo ni nakala tu. Mimi sikubaliani nao: imejengwa upya palepale ilipofanyia kazi, magurudumu yamerudishwa, na mtu akiyaona anaelewa jasho la vibarua wale.

Malmö, Sweden, haikubahatika hivyo. Kreni yake ya Kockums, yenye kimo cha mita 138, iliuzwa kwa dola moja tu kwa Hyundai, ikang'olewa na kusafirishwa hadi Ulsan, Korea Kusini, mwaka 2002. Inabeba mizigo huko.

Na je, wajua kwamba ipo kreni ya urithi wa dunia ambayo haijastaafu? Ni ya Mitsubishi, Nagasaki, Japani, iliyoletwa kutoka Scotland na kusimikwa mwaka 1909 ili kunyanyua tani 150. Ilinusurika bomu la atomiki, na mwaka 2015 UNESCO ikaiorodhesha pamoja na viwanda vingine vya enzi ya Meiji. Kwangu mimi hakuna uhifadhi unaoshinda huu. Wageni huitazama kwa mbali tu, kwa sababu imo ndani ya karakana ambayo bado ina kazi ya kufanya.