Sudan: Amri Iliyokataliwa Torit



Tarehe 18 Agosti, 1955, mjini Torit, kusini mwa Sudan, askari wa Kikosi cha Equatoria waliamriwa kwenda Khartoum. Wakakataa, wakavunja ghala la silaha. Sudan ilipopata uhuru Januari 1956, damu ilikuwa imekwisha mwagika.

Uhamisho ni jambo la kawaida jeshini. Kwa nini basi waasi? Katika karne ya 19 wafanyabiashara kutoka Khartoum walijenga ngome za miba, zariba, huko Bahr el Ghazal, wakateka maelfu ya watu; wanaume wengine walifanywa askari kwa nguvu. Biashara hiyo ilikomeshwa, lakini neno "abid", yaani watumwa, lilibaki midomoni mwa watu wa kaskazini. Nao ndio waliokuwa wakishika nafasi za maafisa wa Kiingereza. Tuonavyo sisi, aliyeamriwa aliyakumbuka ya babu zake, aliyeamuru hakuyafikiri.

Mkataba wa Addis Ababa wa 1972 ulileta amani, lakini vita vilirudi 1983. Wanamgambo waliopewa silaha na Khartoum waliteka wanawake na watoto wa Kidinka. Kusini walisema huo ni utumwa, serikali ikakana. Hata ilipounda kamati ya kuwarudisha waliotekwa, mwaka 1999, jina la kamati hiyo lilitaja utekaji nyara tu.