Nywele za asili Bariadi: wateja wapo, mafuta yapo, chupa bado

Biashara ya nywele mjini Bariadi, mkoani Simiyu, hufuata pamba. Msimu wa ununuzi ukishafunguliwa Mei na malipo yakaanza kupita kwenye vyama vya ushirika vya wakulima, AMCOS, saluni za mjini, na zile za Maswa, Mwanhuzi na Lamadi, huanza kujaa. Mavuno yameingia, ngoma za Wagika na Wagalu, makundi mawili hasimu ya wachezaji wa Kisukuma, zinachezwa, harusi zinafuatana, na binti hataki kuonekana uwanjani na nywele zilizochakaa. Msimu ukiharibika, saluni nazo hupwaya. Mwaka 2019 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, lakini bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasuasua na wakulima wengi wakakaa wakisubiri fedha zao. Nyumba inayodai pesa ya pamba haitoi ya kusuka.

Kwa hiyo mabadiliko yanayoonekana sasa kwenye nywele za wanawake wa mkoa huu yanastahili kurasa za biashara. Wapo wanaoacha dawa ya kulainisha, wanaopunguza kuosha, na wanaoweka pembeni shampuu kali na mafuta ya makopo ili watafute mshubiri, nyonyo, nazi na parachichi. Naliona jambo hili kama nafasi halisi kwa Simiyu kubaki na sehemu ya fedha ambazo miaka yote zimekuwa zikipita Bariadi kuelekea Mwanza, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Nafasi hiyo inaweza kupotea kwa kukosa chupa, lebo na chujio.

Tuanze na saluni yenyewe. Kwa muda mrefu nguzo yake ilikuwa dawa. Mteja aliyelainishwa nywele hana budi kurudi kila baada ya wiki sita hadi nane, kwa sababu zinazoota zinaota na umbo lake la kuzaliwa. Huyo ni mteja wa kudumu, na mwenye saluni anaweza kupangia kodi ya pango kwa hesabu yake. Dawa nyingi za aina hii zina kostiki soda au kemikali za jamii yake, ndiyo maana ikichelewa kuoshwa huunguza ngozi, na ikirudiwa mno nywele hukatika. Oktoba 2022 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walitoa matokeo ya kufuatilia wanawake 33,497. Kwa wasiotumia dawa za kunyoosha nywele, uwezekano wa kupata saratani ya mfuko wa uzazi kufikia umri wa miaka 70 ulikadiriwa kuwa asilimia 1.64, kwa waliozitumia mara kwa mara ulikuwa asilimia 4.05. Utafiti huo ulionyesha uhusiano, haukuthibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo, lakini habari yake ilifika mbali na wanawake wengi hawakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Mteja anapoacha dawa, saluni isiyo na kingine cha kumuuzia humpoteza. Iliyojiandaa humuuzia kuosha kwa utulivu, kuchambua, kulainisha kwa mvuke, kukata ncha zilizochoka na kusuka. Kazi hizi zinakula muda zaidi kuliko kemikali, na hapo wasusi wengi hujipunja: wanatoza kusuka peke yake, kana kwamba saa nzima ya kuchambua nywele za kipilipili bila kuzikata ni takrima.

Kuosha mara chache kuna msingi wa kitaalamu. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake, ila kwenye nywele zilizojikunja mafuta hayo hayateremki kwa urahisi hadi kwenye ncha, hivyo nywele hukauka. Shampuu zenye salfeti huyaondoa hata yale machache yaliyopo. Chuo cha Madaktari wa Ngozi cha Marekani kinawashauri wenye nywele za Kiafrika kuosha mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili. Kwa Simiyu ushauri huo unakutana na suala la maji. Huu ni mkoa mkavu, na nyumba nyingi bado hupima maji kwa ndoo. Mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Victoria kutoka upande wa Busega, ambao Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliuidhinisha mwaka 2017 kwa ushirikiano na Ujerumani na serikali ya Tanzania, umebeba matumaini ya wilaya zote za mkoa. Mwenye saluni anayenunua maji kwa mkokoteni anajua kwamba kila suuza ya ziada inatoka kwenye faida yake. Na pale kisima kinapotoa maji magumu, sabuni hugandiana na chokaa na kuacha utando kwenye nywele. Kinachosaidia hapo ni suuza ya mwisho ya maji yenye siki kidogo sana.

Nisieleweke kwamba kila kinachotoka shambani ni salama kwa kuwa ni cha asili. Magadi yana ualkali mkali kuliko ngozi ya kichwa inavyostahimili, na ukiyarudia kila wiki utaharibu nywele kama dawa ileile uliyoikimbia. Ndimu tupu huchoma. Mwenye mba akizidisha mafuta kichwani huilisha fangasi inayoleta mba hiyo. Na rasta zilizokaa miezi bila ngozi kuoshwa, huku zimevutwa hadi paji la uso linang'aa, ndizo zinazowaacha wanawake vijana na upara wa pembeni. Msusi mwenye ujuzi huu anauza ushauri, na ushauri huo ni bidhaa.

Sasa fedha inakwenda wapi? Angalia rafu ya duka lolote la vipodozi karibu na soko la Bariadi. Movit inatoka Kampala, ilikoanzishwa mwaka 1997. Nice & Lovely ilizaliwa Kenya: Paul Kinuthia alianza mwaka 1995 kwa mtaji wa shilingi 3,000 za Kenya, akichanganya shampuu kwa mkono na kuitembeza kwenye saluni za Nairobi, na mwaka 2013 kampuni ya Ufaransa ya L'Oréal ikainunua biashara yake ya vipodozi. Nywele bandia nazo ni za viwanda vya mbali. Mwaka 2019 waziri wa fedha, Dkt. Philip Mpango, alipeleka bungeni pendekezo la ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa nywele bandia za ndani na asilimia 25 kwa zinazoagizwa nje. Mjadala mitaani ulikuwa mkubwa, wengi wakiuona kama adhabu kwa wanawake. Kibiashara, hata hivyo, hatua ile ilimpa nafuu anayeuza huduma ya nywele za mteja mwenyewe, kwa sababu kichwa kisichobandikwa kitu hakina ushuru.

Soko lina ukubwa wa kutosha. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 2,140,497 Simiyu, kutoka watu milioni 1.58 mwaka 2012 mkoa ulipoanzishwa. Wengi wao ni vijana. Wasichana katika shule nyingi za serikali hukata nywele fupi, kwa hiyo kila mwaka kundi jipya linamaliza kidato cha nne na kuanza kufuga nywele kwa mara ya kwanza tangu utotoni. Msichana huyo hajazoea dawa yoyote. Kwa mtengenezaji wa mafuta ya asili, yeye ni mteja bora kuliko anayepaswa kwanza kuachishwa kitu.

Malighafi ipo mlangoni. Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa pamba nchini, na kwenye kila kilo 100 za pamba mbegu, zaidi ya nusu ya uzito ni mbegu. Vinu huzitenganisha, mashine hukamua mafuta, mashudu yanakwenda kwa ng'ombe. Meatu kuna kilimo cha pamba hai kilichoanzishwa na kampuni ya bioRe mwaka 1994, jambo ambalo mnunuzi wa vipodozi vya asili popote duniani angelilipia. Maswa na Meatu hulima alizeti. Mnyonyo huota hata kwenye viunga vya nyumba.

Kila mafuta yana tabia yake. Ya pamba yakiwa ghafi ni meusi na yana gosipoli, sumu ya asili ya mmea, hivyo yanahitaji kusafishwa kiwandani kabla ya kupakwa au kuliwa. Tusimshauri mama wa kikundi aanze nayo. Ya alizeti ni mepesi, hukamuliwa kwa mashine ndogo zilizotapakaa mkoani, yana vitamini E, na yakichujwa vizuri hayaachi harufu nzito kichwani. Ya nyonyo ni mazito, yanashika unyevu, na wateja wanayatafuta kwa jina. India ndiyo huzalisha sehemu kubwa zaidi ya mafuta haya duniani. Lakini mbegu za nyonyo zina risini, sumu kali, hivyo ukamuaji wake unahitaji uangalizi na mashudu yake yasimfikie mfugo. Alizeti kama msingi, nyonyo kiasi ndani yake, nazi kutoka pwani kwa anayetaka: mchanganyiko huo unatengenezeka Bariadi bila mtambo wa mabilioni.

Hapa nina msimamo ambao wajasiriamali wengine hawataupenda. Tuanze na mafuta matupu, tuache krimu na jeli. Mshubiri uliosagwa, maji ya mchele, parachichi lililopondwa, vyote ni vizuri vikitumika siku hiyohiyo saluni. Ukivitia kwenye chupa na kuvipanga rafuni katika joto la Simiyu, bakteria na ukungu vitamaliza kazi kabla mteja hajafika nusu. Penye maji panahitaji kihifadhi, na kihifadhi kinahitaji vipimo na mtu aliyesomea. Mafuta yasiyo na maji ndani yake hayana tatizo hilo. Adui zake ni mwanga, hewa na joto, na chupa nyeusi yenye kifuniko kinachobana inawapunguza wawili wa kwanza. Mtu akifanikiwa na mafuta kwa misimu miwili, fedha ya kumlipa mkemia itapatikana.

Lebo ndipo wengi wanapokwama. Tangu 2019, usimamizi wa vipodozi ulipohamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, mamlaka ni Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Bila alama yake, bidhaa haiingii kwenye duka kubwa, na muuzaji anabaki akinong'ona na wateja wake wa simu. Mjasiriamali mdogo ana njia: hupitia Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, kupata barua ya utambulisho, na gharama za kuanzia za ukaguzi na upimaji hubebwa na serikali. Wengi hawaifuati kwa sababu wanaiogopa kabla ya kuiuliza. Wengine wanaogopa kodi, ilhali mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato. Hiyo ni takribani shilingi 333,000 kwa mwezi, kiwango ambacho mjasiriamali anayeanza anaweza kujipima nacho.

Mtaji nao una mlango. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya ubadhirifu na marejesho mabovu, kisha ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Kikundi cha wasusi kinachoomba mashine ya kuchuja, mizani na chupa elfu moja kina hoja yenye nguvu kuliko kinachoomba fedha ya "biashara ndogondogo", kwa sababu wanachama wake ndio wateja wa kwanza wa bidhaa yao. Kila kiti cha saluni ni duka. Msusi anapaka mafuta kichwani mwa mteja, mteja anayaona yakifanya kazi, anaondoka na chupa. Kinuthia alianzia hapohapo, saluni, kabla ya kuwaza rafu ya duka.

Mkoa huu umewahi kuthubutu. Wakati Anthony Mtaka akiwa mkuu wa mkoa, chini ya wito wa wilaya moja, bidhaa moja, kiwanda kimoja, vijana wa Maswa walitengeneza chaki na wa Meatu wakafungasha maziwa. Nchi nzima ilikuja kuona. Viwanja vya Nyakabindi vilipokea Nane Nane ya kitaifa mwaka 2018, 2019 na 2020, na kwenye mabanda yale wajasiriamali walijifunza kwamba mteja huanza kuangalia chupa ndipo aulize kilichomo. Somo la chaki na maziwa ni kwamba kutengeneza ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mnunuzi anayerudi mwezi baada ya mwezi. Nywele zina faida hapo, maana haziachi kuota.

Wapi pa kuuza? Duka la mjini ni pazuri, lakini Usukumani fedha nyingi hubadilishana mikono mnadani. Anayeuza ng'ombe asubuhi hununua vitu vya nyumbani mchana, na hununua kwa vipimo vidogo. Lita moja ya mafuta hujaza chupa kumi za mililita 100 au ishirini za mililita 50, na ile ndogo ndiyo itakayotembea. Saluni ichukue ya lita, mnada uchukue ya mililita 50, bei zipangwe mbalimbali. Atakayewahi kupata chupa kabla ya Mei, mafuta yakiwa yamechujwa na barua ya SIDO ikiwa mkononi, atakutana na pesa ya pamba ikiwa bado haijaanza safari ya kwenda Mwanza.