Vifaa vya kukusaidia kutulia na kupumua polepole: uchague kipi?

Mtoto amelala, lakini wewe huwezi. Moyo unaenda mbio, mabega yamekaza, mawazo yanazunguka. Unafungua simu na kukutana na matangazo: saa inayopima msongo wa mawazo, kibano cha kidoleni, mkanda wa kifuani, programu inayoahidi kukutuliza kwa dakika tano. Baadhi ni bure. Vingine bei yake ingelisha familia kwa wiki kadhaa.

Makala haya yanaeleza vifaa hivi vinafanya nini hasa, vipi vinaweza kukufaa wewe mama au mlezi, na ni wakati gani unapaswa kukiweka kifaa pembeni na kwenda kituo cha afya.

Bayofidibaki ni nini?

Bayofidibaki ni njia ya kujifunza kuuongoza mwili wako kwa kuona au kusikia kinachoendelea ndani yake. Kifaa kinapima kitu kimoja, kwa mfano mapigo ya moyo, kisha kinakuonyesha papo hapo kwa mchoro, sauti au mwanga. Wewe unabadilisha namna unavyopumua au unavyolegeza misuli, na kifaa kinakuonyesha kama mwili umeitikia. Jina hili lilianza kutumiwa rasmi na watafiti waliokutana Santa Monica, Marekani, mwaka 1969.

Kifikirie kifaa kama kioo. Unapojifunza kufunga kilemba unahitaji kioo. Ukishazoea, mikono inajua njia yenyewe. Kifaa kizuri ni kile ambacho baada ya wiki chache unaweza kutulia bila kukishika. Chenyewe hakikutulizi, na wala si dawa.

Kwa nini tunaanza na pumzi?

Huwezi kuuamuru moyo upunguze kasi, wala kuiambia mikono iache kutoka jasho. Lakini pumzi unaweza kuiongoza, na moyo unaifuata. Ukivuta pumzi, mapigo yanaongezeka kidogo. Ukiitoa, yanapungua. Ndiyo maana kutoa pumzi taratibu kunatuliza.

Unaweza kujaribu sasa hivi. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, mpaka usikie mapigo. Vuta pumzi polepole, kisha itoe polepole zaidi. Watu wengi wataona mapigo yakipungua wanapotoa pumzi. Hiyo tayari ni bayofidibaki, na hujatumia hata senti moja.

Mtu mzima aliyetulia hupumua kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Katika mazoezi ya kutulia tunashuka hadi karibu mara 6 kwa dakika. Kwa kasi hiyo kupanda na kushuka kwa mapigo kunakuwa kukubwa, na vifaa vingi vya mapigo vimetengenezwa kuonyesha jambo hilo.

Angalizo: polepole si sawa na kwa nguvu. Ukivuta pumzi kubwa kwa haraka unapoteza hewa ya kaboni nyingi mno, na unaweza kusikia kizunguzungu na ganzi midomoni au vidoleni. Ikitokea, acha zoezi na upumue kawaida.

Aina za vifaa

Programu za kuongoza pumzi. Kwenye kioo cha simu kuna duara linalopanuka na kusinyaa, nawe unalifuata. Hazipimi chochote, kwa hiyo si bayofidibaki kamili, lakini kwa anayeanza zinatosha kabisa. Nyingi ni bure.

Vipimo vya mapigo ya moyo. Vipo vya aina tatu. Kwanza, kamera ya simu: unaweka ncha ya kidole juu ya kamera na taa yake, na programu inasoma damu inavyopita. Pili, kibano cha kidoleni au cha sikioni, au saa janja. Tatu, mkanda wa kifuani, ambao husoma umeme wa moyo na kwa kawaida ni sahihi zaidi. Kwa mama anayenyonyesha, mkanda unaobana chini ya matiti unaweza kusumbua. Kibano cha sikioni kinaacha mikono yote miwili huru.

Mkanda wa pumzi. Unafungwa tumboni au kifuani na kuonyesha jinsi unavyopanuka. Unamfaa mtu anayepumulia kifuani juu juu bila kujijua.

Kipimajoto cha kidoleni. Ukiwa na hofu, mishipa midogo ya vidole inasinyaa na vidole vinapoa. Ukitulia, vinapata joto. Kifaa hiki ni rahisi na bei yake ni ndogo, lakini hubadilika polepole, na hali ya hewa ya baridi au mikono iliyotoka kwenye maji hupotosha kipimo.

Kipimo cha jasho la ngozi. Kinaonyesha msisimko wa mwili haraka sana. Hata hivyo hakiwezi kutofautisha hofu na furaha, na mahali penye joto na unyevu, kama pwani, usomaji wake unaweza kuyumba.

Vifaa vya kuvaa kichwani. Vinadai kusoma mawimbi ya ubongo. Bei yake ni kubwa, na kwa kujifunza kupumua polepole huvihitaji.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kununua

Nataka kubadilisha nini? Kama pumzi yako ni ya juu juu, anza na programu ya kuongoza pumzi. Kama unataka kuona mwili ukiitikia, tafuta kipimo cha mapigo. Usinunue kifaa kinachopima mambo kumi wakati unahitaji moja.

Je, kinaonyesha papo hapo? Saa inayokupa "alama ya msongo" asubuhi inakueleza habari ya jana. Kwa kujifunza unahitaji kifaa kinachobadilika wakati uleule unapopumua.

Je, kinasoma sawasawa kwangu? Kijaribu kabla ya kulipa. Hesabu mapigo yako kwa mkono kwa dakika nzima, kisha linganisha na kifaa. Panda ngazi au tembea haraka, urudie. Kama namba zinatofautiana sana, kiache. Rangi ya kucha, hina nyeusi, vidole vya baridi na kutikisika huvuruga vifaa vinavyotumia mwanga.

Kinahitaji nini kila mwezi? Uliza kama programu yake inalipiwa, kama inahitaji bando muda wote, na kama betri zake zinapatikana unakoishi.

Nani ataona taarifa zangu? Programu ya kupumua haihitaji orodha ya namba zako za simu, picha zako, wala mahali ulipo. Ikiomba hivyo, kataa au tafuta nyingine.

Je, ni salama mtoto akikishika? Vifaa vingi vidogo hutumia betri bapa za mviringo zinazofanana na sarafu. Mtoto akimeza betri hiyo, inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili. Chagua kifaa ambacho mfuniko wa betri umefungwa kwa skrubu. Ukihisi mtoto amemeza, mpeleke hospitali mara moja hata kama anaonekana mzima.

Na swali la mwisho: fedha hizi zinatoka wapi? Kama zinatoka kwenye fungu la chakula, la kliniki au la ada ya shule, usinunue. Unachohitaji unacho tayari.

Njia zisizo na gharama

Saa yenye mshale wa sekunde inaongoza pumzi vizuri sana. Mkono mmoja tumboni na mwingine kifuani unakuonyesha kama unapumulia chini au juu: mkono wa tumboni ndio unaopaswa kupanda zaidi. Vidole kwenye mapigo ya kifundo vinakupa jibu papo hapo.

Mtoto wa kuanzia miaka mitatu au minne unaweza kumfundisha kwa mchezo. Mlaze chali, weka mdoli mwepesi juu ya tumbo lake, na umwambie ampandishe na kumshusha mdoli polepole. Au mpe maji ya sabuni apulize mapovu: akipuliza kwa pupa povu linapasuka, akipuliza taratibu linakua. Mapovu yenyewe ndiyo kifaa chake.

Jinsi ya kuanza

Mlaze mtoto kwanza mahali pake salama, chali. Usifanye zoezi hili ukiwa umempakata, kwa sababu unaweza kusinzia. Usilifanye pia ukiwa unaendesha gari au pikipiki, au ukiwa na chungu motoni.

1. Kaa ukiwa umeegemea, mabega yamelegea.
2. Vuta pumzi kwa pua huku ukihesabu hadi 4.
3. Itoe polepole huku ukihesabu hadi 6. Usiibane katikati.
4. Endelea kwa dakika 5, mara mbili kwa siku.

Mizunguko hiyo ya sekunde 10 inakupa pumzi 6 kwa dakika. Kama ni ndefu mno kwako, anza na 3 kwa 4. Mjamzito wa miezi ya mwisho mara nyingi atahitaji mizunguko mifupi, kwa kuwa tumbo la uzazi linabana nafasi ya kupumulia. Aketi wima, asilale chali.

Kama unatumia kifaa, fanya wiki ya kwanza ukikitazama. Wiki ya pili kitazame mwanzoni na mwishoni tu. Wiki ya tatu fanya bila kifaa, kisha pima uone kama ulikisia sawa. Kama baada ya mwezi bado huwezi kutulia bila kukishika, kifaa hicho hakikufundishi.

Jihadhari na kitu kimoja zaidi. Mama wa mtoto mchanga hulala kwa vipande vipande, na saa janja itampa alama mbaya karibu kila siku. Alama hiyo haisemi kwamba yeye ni dhaifu au mama mbaya. Namba ikianza kukuongezea wasiwasi, zima sehemu hiyo.

Wakati wa kukiacha kifaa na kwenda kituo cha afya

Hatari kubwa ya vifaa hivi ni kwamba mtu anaweza kujituliza wakati alipaswa kutibiwa. Usijaribu kutuliza dalili hizi kwa mazoezi ya pumzi:

- Mjamzito au aliyejifungua karibuni mwenye maumivu makali ya kichwa, anayeona maluweluwe, mwenye maumivu juu ya tumbo, au aliyevimba uso na mikono ghafla. Inaweza kuwa dalili ya kuelekea kifafa cha mimba.
- Kukatika pumzi ghafla, maumivu ya kifua, kuzimia, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Huenda ni damu iliyoganda kwenye mishipa.
- Mwenye pumu aliyebanwa kifua. Atumie inhela yake kama alivyoelekezwa, na asipopata nafuu aende hospitali.
- Mtoto anayehema haraka. Mhesabu kwa dakika nzima akiwa ametulia. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ni haraka mno kama ni pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na pumzi 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5. Hiyo inaweza kuwa nimonia. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, usisubiri.

Familia nyingi zilinunua kipimo cha oksijeni cha kidoleni wakati wa UVIKO-19. Kinaweza kukuonyesha mapigo wakati wa zoezi, lakini kisikupe uhakika wa uongo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba vipimo vya aina hii vilikosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Mtu akionekana anahangaika kupumua, amini unachokiona hata kama namba ni nzuri.

Vivyo hivyo kwa soksi na vifaa vinavyovalishwa watoto wachanga. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinashauri visitumike kama njia ya kupunguza hatari ya vifo vya ghafla usingizini. Kumlaza mtoto chali, juu ya godoro gumu lisilo na mito, kunamlinda zaidi.

Wasiwasi usiokwisha

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama 1 kati ya 5 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Kupumua polepole kunaweza kukusaidia kuvuka saa ngumu, lakini hakutibu sonona. Kama huzuni au hofu imedumu wiki mbili au zaidi, kama huwezi kulala hata mtoto anapolala, au kama humsikii mtoto wako moyoni, mweleze mkunga, nesi wa kliniki au mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kama yanakujia mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usibaki peke yako: mwite mtu unayemwamini sasa hivi, na mwende pamoja hospitali leo hii.

Kwa usiku wa kawaida, wa uchovu tu na mawazo mengi, anza na mkono tumboni na saa ya ukutani. Jipe wiki mbili. Baada ya hapo utajua mwenyewe kama kuna kifaa unachokihitaji.