Simu Imezama Jarubani, Nywila Ziko Wapi?

Simu ilinichomoka nikivuka tuta la jaruba huko Madibira, wilayani Mbarali, wakati watu wamekazana kupandikiza mpunga. Maji yalikuwa ya kifundo cha mguu tu, lakini yalitosha. Nilipoiokota, kioo kilimeta mara mbili kikazimika. Mzee mwenye shamba hakuhangaika kuianika. "Toa laini kwanza, mwanangu," alisema, kisha akanipa simu yake ya laini mbili iliyokuwa na nafasi moja tupu.

Ushauri ule uliokoa siku. Nywila zangu karibu zote nilikuwa nimezihifadhi kwenye kivinjari cha Firefox, ambacho hupeleka nakala kwenye seva ili kifaa kingine kizichukue. Kichwani nilibaki na mbili: ya Firefox yenyewe na ya barua pepe. Firefox ilipoona kifaa kigeni ilituma namba ya uthibitisho kwenye barua pepe. Barua pepe nayo iliponiona kwenye simu ngeni ikataka namba nyingine, ya ujumbe mfupi. Mlolongo mzima uliishia kwenye kile kipande cha plastiki chenye matope. Na kama nywila ya barua pepe ingekuwa ndani ya Firefox peke yake, ufunguo wa sanduku ungekuwa umefungiwa ndani ya sanduku.

Seva inatunzaje nywila zangu bila kuzisoma? Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu. Skimu ya Madibira, yenye karibu hekta 3,000, hunyweshwa na Mto Ndembera. Maji huingia kwenye banio, yakafuata mfereji mkuu, kisha yakagawanyika. Ndani ya simu, nywila ya Firefox nayo husagwa kwa hesabu nzito na kutoka kwa mifereji miwili. Mmoja huenda kwenye seva kuthibitisha kwamba ni mimi. Wa pili hautoki nje ya kifaa: ndio unaofungua mzigo uliofichwa kwa msimbo. Na kama maji yasivyopanda kurudi banioni, aliyepata kilichofika kwenye seva hapewi njia ya kurudi kwenye nywila wala kuhamia mfereji wa pili.

Ulinzi huo una gharama yake, na watu wengi huijua wakiwa wameshachelewa. Ukisahau nywila ukaweka mpya kwa njia ya barua pepe, akaunti hurudi, lakini mzigo wa zamani kwenye seva haufunguki tena, isipokuwa uwe umejitengenezea ufunguo wa akiba, au uwe na kifaa kingine ambacho bado kina nakala. Chrome, kwa mpangilio wake wa kawaida, huacha funguo kwa Google, hivyo ukirudishiwa akaunti unarudishiwa na vitu vyako. Ila ukijiwekea kaulisiri yako ya kufungia data, ukiisahau Google haiwezi kukufungulia. Mimi nabaki na Firefox. Lakini sitamlaumu msafiri anayechagua njia ya pili, mradi anajua nani ameshika funguo zake.

Laini ndiyo inayonitia hofu zaidi. Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), na kuirudisha iliyopotea kunakutaka ufike mwenyewe kwa wakala na kidole chako. Ni kinga nzuri dhidi ya matapeli, ila ukiwa shambani jioni na simu imeibwa pamoja na laini, haikusaidii usiku huo. Kwa usiku kama huo, Google hutoa namba 10 za akiba za kuingilia bila ujumbe mfupi, kila moja ya tarakimu 8 na ya kutumika mara moja. Ziandike kwenye karatasi, zikae mbali na simu.

Simu ya kuazima nayo ina hatari yake: kama mzee angekuwa na Firefox yake nami nikaunganisha akaunti yangu humo, nywila zangu zote zingemiminika kwenye kivinjari chake. Barua pepe niliifungua kwenye dirisha la faragha. Kisha, kwa bando lake, nikapakua Firefox, ambayo hakuwa nayo, nikachukua tiketi yangu ya basi la kutoka Mafinga, nikajiondoa na kuifuta programu nzima. Usiku nilipofika Iringa nilifungua akaunti kwenye kompyuta, nikaitoa simu iliyozama kwenye orodha ya vifaa, nikatengeneza ufunguo wa akiba. Niliunakili kwa kalamu, herufi moja moja, nikausoma mara ya pili kwa sauti.