Insulini: Homoni Inayopanga Sukari Mwilini

Mtu anapokula ugali, chapati au viazi, mwili huvunja chakula hicho na kupata sukari iitwayo glukosi. Sukari hiyo huingia kwenye damu na kusambazwa mwilini ili itoe nguvu. Lakini haiwezi kuingia vizuri kwenye misuli bila insulini.

Insulini ni mojawapo ya homoni. Homoni ni kemikali zinazotolewa na tezi na kubebwa na damu hadi viungo vingine, zikiviarifu la kufanya. Adrenalini, kwa mfano, hufanya moyo udunde kwa kasi mtu anaposhtuka. Insulini hutoka kwenye kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo.

Jinsi inavyofanya kazi

Baada ya mlo, sukari hupanda katika damu. Kongosho hutoa insulini, misuli hupokea sukari, na ini huweka akiba ya ile iliyozidi. Mtu akikaa muda mrefu bila kula, kongosho hilo hilo hutoa homoni nyingine, glukagoni, ambayo huliamuru ini kutoa akiba hiyo. Kwa njia hii sukari haipandi wala kushuka kupita kiasi.

Mpango unapovurugika

Katika kisukari cha aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huanza utotoni au ujanani, kinga ya mwili huharibu chembe zinazotengeneza insulini. Kabla ya insulini kugunduliwa mjini Toronto, Kanada, mwaka wa 1921, watoto hao hawakuishi muda mrefu. Leo wanaishi, wanasoma na kufanya kazi, mradi wadungwe insulini kila siku.

Aina ya pili ndiyo inayowapata watu wengi zaidi. Hapa insulini ipo, lakini mwili hauitii inavyopaswa. Unene, kutofanya mazoezi na kurithi katika ukoo huongeza hatari.

Dalili za kuangalia

• Kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara
• Kukonda bila sababu na uchovu
• Kuona ukungu machoni
• Vidonda vinavyochelewa kupona

Mtoto mwenye dalili hizi, kisha akaanza kutapika na kupumua kwa kasi, apelekwe hospitalini mara moja. Hali hii inaweza kudhaniwa kuwa malaria, na kuchelewa kunaweza kumuua. Aombewe kipimo cha sukari siku hiyo hiyo.

Wanaotumia insulini

Usiache kudunga insulini kwa sababu unajihisi nafuu au umeuziwa dawa ya mitishamba. Ukitoka jasho, kutetemeka na kuhisi njaa ya ghafla, huenda sukari imeshuka. Kunywa chai au soda yenye sukari bila kukawia. Aliyezimia asinyweshwe chochote, bali akimbizwe hospitalini. Kama huna friji, muulize mhudumu wa afya jinsi ya kuhifadhi dawa kwenye chungu chenye ubaridi.

Pima mapema

Tone moja la damu kutoka kidoleni latosha. Kipimo cha milimoli 7.0 kwa lita au zaidi kabla ya kula huashiria kisukari, na hurudiwa ili kuthibitisha. Wakazi wanahimizwa kumuuliza mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chao au kufika katika kituo cha afya kilicho karibu.