Faharasa na Mzizi wa Neno: Kutafuta Matini za Kiswahili katika Hifadhidata

Hifadhidata ya kimahusiano, ambayo misingi yake iliwekwa na E. F. Codd mwaka 1970, huhifadhi taarifa katika majedwali. Jedwali lisipokuwa na faharasa, kompyuta inayotafuta neno hulazimika kupitia mistari yote, mmoja baada ya mwingine. Faharasa huyapanga maneno kialfabeti na kuonyesha kila neno lilipo. Hapo kompyuta hufanya kama msomaji wa kamusi: hufungua katikati, huacha nusu isiyohusika, kisha huendelea. Kwa kugawa nusu kwa nusu, maneno 1,000,000 huhitaji hatua zipatazo 20 tu.

Hata hivyo, mpangilio huo una sharti: mtafutaji sharti aujue mwanzo wa neno. Katika Kiswahili, mzizi wa kitenzi aghalabu hutanguliwa na viambishi. Wanasoma, nilisoma, hatukusoma na msomi yana mzizi mmoja, -som-, lakini katika faharasa yametawanyika chini ya W, N, H na M. Mwanafunzi akitafuta maneno yanayoanza na som-, atapata soma, someni, somo na mengine machache, na huenda akahitimisha kuwa kitenzi hiki ni adimu. Hitimisho hilo limezaliwa na faharasa, wala si sifa ya lugha. Akitafuta som popote ndani ya neno, faharasa hiyo haimfai tena; kompyuta hurudia kupitia kila mstari.

Tiba mojawapo ni kuyakata maneno vipande vya herufi tatu tatu na kuvitengenezea faharasa. Kasi hupatikana, lakini Msomali huletwa pamoja na msomi. Anayetafuta -pik- hampati mpishi. Na mzizi wa herufi moja, kama -f- katika kufa, huponyoka kabisa.

Tiba iliyo bora ni kulichanganua kila neno kabla ya kulihifadhi, mzizi ukaandikwa katika safu yake, na safu hiyo ikawekewa faharasa. Kazi ya Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, kupitia mfumo wa SALAMA, imedhihirisha kuwa kompyuta yaweza kufanya uchanganuzi huo. Gharama ipo: faharasa huchukua nafasi, na kila ingizo jipya huongeza kazi ya kuisahihisha.

Kwa hiyo, kabla ya kuidai mashine kasi, yatupasa tuieleze mofolojia ya lugha yetu kwa ukamilifu.