Asidi Amino, Mazoezi na Mtiririko wa Damu: Je, Unga wa Kopo Humsaidia Mkimbiaji?

Msimu wa UMISSETA unapokaribia, si ajabu kusikia uwanjani kwamba kuna unga wa kopo "unaofungua mishipa" na kumwongezea mkimbiaji pumzi. Wapo wanaojinyima chakula cha mchana ili wapate fedha ya kuununua. Mada hii inaunganisha lishe, usafirishaji wa damu na utoaji taka mwilini. Ukiielewa, utajibu swali la mtihani na utajua fedha yako iende wapi.

1. Asidi amino ni nini?
Protini hujengwa kwa asidi amino za aina 20. Kati ya hizo, 9 ni za lazima: mwili hauwezi kuzitengeneza, hivyo ni lazima zitoke kwenye chakula. Arginini haimo katika hizo 9, kwa sababu mwili wa mtu mzima mwenye afya huitengeneza. Sitrulini nayo ni asidi amino, lakini haimo katika zile 20 zinazojenga protini.

2. Mshipa hutanukaje?
Seli zilizotandazwa upande wa ndani wa ateri zina kimeng'enya kinachotumia arginini na oksijeni kutengeneza gesi ya oksidi ya nitriki. Sitrulini hubaki kama zao la pili. Gesi hiyo hupenya hadi kwenye misuli laini ya ukuta wa ateri na kuilegeza. Ateri hutanuka, na damu nyingi zaidi hupita kuelekea kwenye misuli inayofanya kazi. Kwa ugunduzi kuhusu gesi hii, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Kumbuka: unapokimbia, damu hupita kwa kasi na kusugua ukuta wa mshipa. Msuguano huo huziamsha seli zitengeneze gesi zaidi. Mazoezi yenyewe, basi, hutanua mishipa.

3. Je, kopo huongeza nini?
Arginini inayomezwa huvunjwa kwa kiasi kikubwa katika utumbo na ini kabla ya kufika kwenye mzunguko mkuu wa damu. Sitrulini hulipita ini bila kuvunjwa sana, kisha figo huibadili kuwa arginini. Ndiyo maana sitrulini hupandisha arginini ya damu kuliko arginini yenyewe. Jina lake limetokana na Citrullus, jina la kisayansi la jenasi ya tikiti maji, tunda ambalo lina sitrulini kwa asili.

Hata hivyo, majaribio kwa vijana wenye afya yametoa matokeo yasiyolingana: wengine walipata nafuu ndogo, wengine hawakupata kitu. Kuongezeka kwa arginini katika damu hakumaanishi moja kwa moja kuongezeka kwa mbio.

4. Hesabu ya sahani yako
Mkimbiaji wa kilo 50 anayehitaji gramu 1.2 za protini kwa kila kilo anahitaji 50 × 1.2 = gramu 60 kwa siku. Makadirio ya chakula chake ni haya:
- Unga wa mahindi gramu 300: protini gramu 24
- Maharage makavu gramu 100: gramu 22
- Karanga gramu 50: gramu 13
- Dagaa wakavu gramu 30: gramu 18
Jumla ni gramu 77. Amevuka mahitaji bila kopo. Choroko na dengu za Simiyu zinaweza kushika nafasi ya maharage. Michembe haina protini nyingi, lakini usiidharau: wanga wake ndio nishati ya kukimbilia.

5. Swali la mfano
Mwanafunzi anayepata protini ya kutosha kwenye mlo anaongeza unga wa asidi amino kila siku. Eleza kwa nini yurea katika mkojo wake itaongezeka. (Alama 4)

Jibu:
(i) Asidi amino za ziada hazihifadhiwi mwilini.
(ii) Husafirishwa hadi kwenye ini.
(iii) Ini huondoa kundi la amino, ikatokea amonia, ambayo hubadilishwa kuwa yurea.
(iv) Figo huichuja yurea na kuitoa kwenye mkojo.

Kosa la kawaida: kuandika kwamba figo ndizo zinazotengeneza yurea. Figo huichuja tu.

6. Tahadhari
Dozi kubwa ya arginini inaweza kuleta kichefuchefu na kuharisha. Anayetumia dawa za shinikizo la damu au za moyo asiguse unga huu bila daktari, kwani shinikizo linaweza kushuka mno. Baadhi ya makopo huwa yamechanganyika na dawa zilizokatazwa michezoni, na mwanariadha ndiye anayewajibika kwa kitakachokutwa mwilini mwake.

Mwisho, fikiri kama mwanabiolojia. Mshipa ni barabara tu. Oksijeni hubebwa na himoglobini. Mwanafunzi mwenye upungufu wa damu atachoka mapema hata mishipa yake ikitanuka. Ukiona unachoka kuliko kawaida, nenda zahanati ukapimwe wingi wa damu, na usiache chakula cha mchana kwa ajili ya kopo.